Nyumba Kwenye Kiwanja cha Mtu: Historia Fupi ya Filamu za Mashabiki

Mwezi uliopita rafiki yangu anayefanya kazi Muscat alinitumia video ya dakika nne kwa WhatsApp, bila maelezo yoyote. Niliifungua nikiwa kwenye daladala. Kulikuwa na shuka la bluu lenye mikunjo, na mbele ya shuka binti mwenye fulana nyekundu iliyoshonewa utepe wa dhahabu mikononi, anaongea na chombo cha angani kisichoonekana. Ghafla honi ya bajaji inalia, kisha sauti yangu mwenyewe ya ujanani inasema: "Kata! Bajaji imeharibu."

Hiyo ndiyo filamu yetu. Tuliianza mwaka 2011, Sinza, chumba cha kupanga, tukiwa wanne. Hatukuimaliza. Tangu siku ile ya daladala nimekuwa nikisoma habari za watu wengine waliofanya kitu kama kile, marafiki waliochukua ulimwengu wa hadithi ya mtu mwingine na kuurekodi upya kwa mikono yao. Nilitaka kujua kwa nini wengine walifika mwisho na sisi tukakwama. Nilichokikuta kimenifanya nione aibu kidogo, na nitaeleza kwa nini. Ila kwanza historia.

Tuanze na neno letu. Star Trek ilianza kurushwa kwenye televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ndani ya meli yake alikuwemo ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, aitwaye Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark inayohusu Kenya, na jina la riwaya hiyo ni Uhuru. Gene Roddenberry, muasisi wa kipindi, alilipenda neno. Likageuzwa herufi ya mwisho, likawa jina la mtu.

Hawakuishia kwenye jina. Katika sehemu ile ile iliyorushwa siku ya kwanza, kiumbe mwenye uwezo wa kubadili sura anamtokea Uhura kwa umbo la kijana mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika sehemu nyingine, Uhura anafutwa kumbukumbu na mashine, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza anateleza na kuangukia kwenye Kiswahili. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miaka mitano tu wakati kipindi kinaanza, Kenya mitatu. Sisi wanne hata wazazi wetu wengine walikuwa bado hawajaanza shule. Neno lilishakwenda angani.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Kwenye televisheni Uhura hakupewa jina la kwanza. Aliyempa ni William Rotsler, mwandishi na mchoraji aliyejulikana sana kwa michoro yake kwenye majarida ya mashabiki wa bunilizi za kisayansi. Mwaka 1982 aliandika kitabu cha wasifu wa wahusika wa Star Trek, akapendekeza aitwe Nyota. Jina likazunguka kwenye riwaya na midomoni mwa mashabiki kwa miaka 27, mpaka filamu ya 2009 ilipolitamka kwa mara ya kwanza kwenye skrini. Yaani kitu kilichotoka upande wa mashabiki kiliingia nyumbani kwa wenyewe na kukaa. Nyota Uhura. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi.

Basi, filamu ya shabiki ni nini? Ni filamu inayotengenezwa na watu wasiolipwa, kwa kutumia wahusika au ulimwengu ulioundwa na mwingine, kwa sababu wanaupenda. Kuna wanaoiona kama wizi wa kitoto. Mimi nilipoanza kuifikiria kwa Kiswahili nilikumbuka takhmisa. Katika takhmisa mshairi anachukua beti za mwenzake, anatanguliza mishororo mitatu ya kwake mbele ya ile ya asili, mpaka kila ubeti unatimia mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi la Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi. Tunamwita bingwa. Kuingia kwenye shairi la mtu na kuongeza sauti yako kulikuwa heshima kwa aliyetangulia, na pia mtihani kwako. Usipoweza kufuata mizani yake, aibu ni yako.

Mashabiki wa Star Trek nao walianza na karatasi. Jarida lao la mwanzo, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967, kipindi kikiwa bado hewani. Mwaka 1968 kilipokuwa hatarini kufutwa, Bjo Trimble na mumewe John waliongoza kampeni ya barua, na kikapata msimu wa tatu. Lakini barua na hadithi zinahitaji kalamu na stempu tu. Filamu inahitaji kamera, taa, nguo, sehemu ya kurekodia, na zaidi ya yote inahitaji watu wanaokuja siku uliyowaambia waje. Hapo ndipo urafiki unapopimwa.

Dawa ya kwanza waliyoigundua ilikuwa kicheko. Star Wars ilitoka Mei 1977, na mwaka 1978 Ernie Fosselius wa Marekani akatoa Hardware Wars, filamu ya dakika chini ya 15. Vyombo vya angani ndani yake ni pasi za nguo zinazopepea angani, mashine ya kuokea mikate, mashine ya kupigia mayai. Kile kituo kikubwa cha maangamizi cha Star Wars humo ni chuma cha kuokea keki za vibonyeo. Roboti mdogo ni mashine ya kufyonza vumbi. Waya zinaonekana wazi, wala hajali. Fosselius alielewa kwamba mtu asiye na pesa akijaribu kuwa sawa na Hollywood atachekwa, lakini akiwa wa kwanza kucheka watu watacheka pamoja naye. George Lucas mwenyewe amewahi kuitaja kuwa ndiyo filamu ya shabiki anayoipenda zaidi.

Karibu miaka 20 baadaye, 1997, Kevin Rubio alitoa Troops, dakika kumi hivi za askari wa Star Wars wanaofuatwa na kamera jangwani kama vile wako kwenye kipindi cha televisheni cha polisi wa doria. Safari hii nguo na silaha zilionekana za kweli, na filamu ikasambaa kupitia intaneti iliyokuwa bado changa. Kompyuta ya nyumbani ilishaanza kufanya kazi ya studio. Kampuni ya Lucas ikaona heri kukaa na mashabiki wake kuliko kupigana nao, ikaanzisha mashindano rasmi mwaka 2002. Ila kulikuwa na sharti. Mwanzoni walipokea vichekesho na filamu za kumbukumbu tu, si hadithi mpya zilizotungwa kwa dhati ndani ya ulimwengu wao. Ukicheka, karibu. Ukitunga, subiri.

Sasa tuhamie Ufini, mji wa Tampere, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 1992 kijana aitwaye Samuli Torssonen alitengeneza kwenye kompyuta yake katuni fupi ya vyombo vya angani vinavyopigana, akaiita Star Wreck. Ilikuwa mzaha juu ya Star Trek, na mhusika wake mkuu alikuwa Kapteni Pirk, badala ya Kirk. Akaongeza ya pili, ya tatu, ya nne, na kila moja ilikuwa bora kidogo kuliko iliyotangulia. Mwaka 1997 watu wa kweli wakaingia mbele ya kamera, na Torssonen mwenyewe akawa Pirk. Kisha akaanza ya sita pamoja na rafiki zake, Timo Vuorensola akiwa muongozaji. Hiyo ya sita, Star Wreck: In the Pirkinning, iliwachukua miaka saba.

Miaka saba, jamani. Mtoto anayezaliwa siku ya kwanza ya kazi anakuta filamu inatoka akiwa darasa la kwanza.

Studio yao ilikuwa nyumba ya Torssonen yenye vyumba viwili. Walitundika kitambaa cha bluu, mwigizaji akasimama mbele yake, na kompyuta zikabadilisha bluu ile kuwa sitaha ya meli. Hii kazi naijua kidogo, kwa hiyo naweza kukueleza ugumu wake. Kompyuta haijui kwamba ukuta ni ukuta. Inachojua ni rangi. Unaiambia iondoe kila kilicho bluu, halafu unaweka picha yako pale palipobaki wazi. Lakini shuka likiwa na mkunjo, mkunjo unatupa kivuli, na kivuli si bluu ile ile. Mwigizaji akikaribia sana, bluu inamrudia mashavuni. Nywele ndizo adui mkubwa. Kila sekunde moja ya filamu ina picha zipatazo 24 au 25, na kila picha inataka kusafishwa hivyo. Halafu meli zenyewe zichorwe, ziwekewe mwanga, na kompyuta iachwe ikokotoe usiku kucha ili kesho upate sekunde chache ambazo huenda utazitupa. Filamu yao ina dakika 103.

Zaidi ya watu 300 walisaidia kwa njia moja au nyingine, wengi wao mashabiki waliojitolea. Pesa taslimu iliyotumika haikufika yuro 20,000, fedha ambayo Hollywood haitoshi hata kwa chakula cha waigizaji siku chache. Hadithi yenyewe ni ya kijinga kwa makusudi. Pirk amekwama duniani katika zama zetu hizi, anachoka kuishi kama mtu wa kawaida, anajenga kundi la meli za kivita na kuiteka dunia, kisha anapitia tundu la angani na kuingia kwenye ulimwengu mwingine, ule wa mfululizo wa Babylon 5, ambao nao wameubadili jina kwa utani. Vita vya mwisho kati ya pande hizo mbili ndivyo vilivyowaacha watu midomo wazi. Hakuna aliyetegemea kuona vita vya namna ile kutoka sebuleni kwa mtu.

Ilioneshwa mara ya kwanza Tampere tarehe 20 Agosti 2005. Tarehe 1 Oktoba waliiweka kwenye intaneti bure, kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuinakili na kumpa mwenzake mradi asiiuze wala asiibadilishe. Ikapakuliwa mara mamilioni. Ufini ni nchi ya watu kama milioni tano tu.

Nimejiuliza sana kilichowafikisha. Uwezo walikuwa nao, lakini hata sisi tulikuwa na mmoja anayejua kompyuta. Nadhani siri iko kwenye miaka kabla ya ile saba. Tangu 1992 mpaka 1997 walikuwa wanamaliza vitu vidogo. Katuni mbaya iliyokwisha, kisha nyingine isiyo mbaya sana, nayo ikaisha. Walijifunza kumaliza kabla ya kujifunza kupendeza. Na hakukuwa na cha kugombania. Hakuna aliyeweza kusema "hii ni yangu niiuze," kwa sababu wote walijua wamejenga kwenye kiwanja cha mtu. Unapojenga kwenye kiwanja kisicho chako, hati huna. Ulicho nacho ni wale mnaobeba nao matofali.

Baada ya hapo walitaka kiwanja chao. Torssonen na Vuorensola na wenzao waliingia kwenye filamu ya Iron Sky, hadithi yao wenyewe kuhusu Manazi waliojificha mwezini. Ilioneshwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2012, kwa bajeti ya yuro milioni 7.5, na sehemu ya fedha hiyo ilichangwa na mashabiki. Walistahili. Ila pamoja na bajeti ya namna hiyo huja wawekezaji, mikataba na wanasheria, na nyumba ya vyumba viwili haitoshi tena.

Upande wa pili wa bahari kulikuwa na wasiotaka kucheka. James Cawley, anayejulikana pia kwa kumwigiza Elvis jukwaani, alitaka kuendeleza safari ya Star Trek ya zamani kwa dhati, kana kwamba haikukatizwa 1969. Alikuwa na nakala za michoro ya majukwaa ya awali, alizopewa na mbunifu wa mavazi ya kipindi kile, William Ware Theiss. Akajenga sitaha upya jimboni New York na mwaka 2004 akaanza kutoa sehemu mpya zilizoitwa New Voyages. Kisha likatokea jambo ambalo hata kwenye ndoto ni gumu. Waigizaji wa asili wakaja. Walter Koenig alikuja, George Takei alikuja, na sehemu aliyocheza Takei ya mwaka 2007 iliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo. Nichelle Nichols naye alirudi kuwa Uhura katika filamu nyingine ya mashabiki, Of Gods and Men, iliyoongozwa na Tim Russ. Aliyelibeba neno letu 1966 alilibeba tena mwishoni, safari hii kwa mashabiki.

Wenye kiwanja walikuwa wanaona yote hayo. Walinyamaza kwa miaka mingi.

Kilichowaamsha ni pesa. Mradi wa Axanar ulitoa utangulizi wa dakika kama 20 mwaka 2014, ukapendeza mno, na michango ikapita dola milioni moja. Desemba 2015 Paramount na CBS wakafungua kesi ya hakimiliki. Katika madai yao waliorodhesha mpaka lugha ya Klingon, ile ya wale mashujaa wenye mapaji ya magamba. Chama cha wabunifu wa lugha, Language Creation Society, kikaandika mahakamani kupinga kwamba lugha inaweza kumilikiwa, na ndani ya waraka wao wakachomeka Kiklingon. Mahakama haikuamua swali hilo. Kesi iliisha kwa makubaliano Januari 2017. Lakini Juni 2016 kampuni zilikuwa zimeshatoa masharti kwa wote. Filamu isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla. Michango isizidi dola 50,000. Asilipwe mtu yeyote kwa kazi yake. Neno Star Trek lisiwe kwenye jina lenyewe la filamu, ila chini yake iandikwe kwamba ni kazi ya mashabiki. Cawley yeye aligeuza majukwaa yake kuwa sehemu ya utalii yenye leseni, mjini Ticonderoga, na bado watu wanakwenda kukaa kwenye kiti cha kapteni.

Niliposoma hilo la lugha nilicheka peke yangu. Kampuni imefika mahakamani kulinda maneno ya Kiklingon, wakati maneno ya Kiswahili yamo humo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyebisha hodi. Sisemi tudai. Neno likitumika halipungui. Ila nasema ukopaji haukuanza na mashabiki. Ulimwengu ule wenyewe ni takhmisa: umetwaa mabaharia wa zamani, miungu ya Wagiriki, Shakespeare, na uhuru wetu.

Na sasa aibu yangu.

Filamu yetu ilikuwa na hadithi moja rahisi. Kitukuu wa Uhura anashuka duniani kutafuta asili ya jina lake, anafika Pangani, na bibi mmoja anamuuliza: "Uhura ndiyo nini, mwanangu? Nani kakukatia jina?" Tulirekodi kila Jumapili kwa miezi mitatu. Kamera ilikuwa ya huyu wa Muscat, kompyuta yake pia. Shuka lilikuwa la mama yake. Binti tuliyesoma naye alishona fulana mwenyewe. Wa nne alishika taa na kununua chapati. Mimi niliandika.

Mwezi wa tatu mwenye duka moja la simu akatuahidi laki tano tukibandika tangazo lake ukutani ndani ya meli. Hatujaziona hizo pesa, tukaanza kuzigawa. Mwenye kamera akataka nusu kwa sababu vifaa ni vyake. Mimi nikasimama katikati ya chumba, nikasema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: "Bila hadithi yangu mngekuwa mnarekodi shuka."

Hadithi yangu! Mhusika ni wa Roddenberry, jina la kwanza la Rotsler, neno ni la Waswahili wote, nguo kashona mwenzangu, shuka la mama wa watu. Nilikuwa mpangaji nikawa nafukuza wapangaji wenzangu. Jumapili iliyofuata tulifika wawili, na ile iliyofuata hakufika mtu. Laki tano hazikuja.

Nilimwandikia rafiki yangu yote haya jioni ile ile, ujumbe mrefu mno, na mwishoni nikamwomba radhi. Alikaa siku mbili. Kisha akajibu: "Nina vipande vingine kumi na moja. Nitume?"

Nikamwambia atume vyote. Yule binti sasa ni mwalimu, Tanga. Anasema fulana haimwingii tena lakini sauti anayo, na Pangani si mbali na kwake, tukienda atamtafuta bibi. Mshika taa ameuliza kama kutakuwa na chapati. Nimepiga hesabu ya vipande vyote na vile vilivyobaki kurekodiwa. Ikikamilika, filamu yetu itakuwa ya dakika kumi na tatu na kidogo. Tumo ndani ya masharti.